Kamba ya Mita Sitini

Kabula alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimeketi barazani kwangu Sengerema na ungo wa mchele mapajani. Akasema, "Dada Koku, mama ametutoka." Nikaweka ungo chini. Nilivuka ghuba kwa daraja jipya, safari ambayo zamani ilitukalisha kwenye foleni ya kivuko hadi jua likatuchoma utosi, na saa nane mchana nilikuwa msibani, kijijini kule mbele ya Bujora, nimejifunga kanga kiunoni na kupewa kisu cha kumenyea viazi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Wanawake wa pale walinisogezea beseni kana kwamba nimetokea chumba cha pili, na hapo ndipo nilipolia, maana nilijua vizuri nani alinipatia nafasi ile na alitoa nini kuipata. Wasemaji walimsifu marehemu kwa ukarimu, kwa sauti yake ya kwaya, kwa kusomesha mtoto peke yake. Yote ni kweli. Habari ya kamba hakuitaja mtu, na wengi walioishuhudia wameshatangulia. Basi naiandika mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekosa.

Ya kwetu Kagera sitayaeleza; migomba ya baba yangu haihusiki hapa. Inatosha kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti kipya, mwandiko mzuri, na majivuno ya kuwatosha watu wawili. Jumuiya ya watumia maji ya mto wa kijiji kile ilikuwa changa. Kazi yake ilikuwa kuandika mpango mmoja wa mto mzima, kuanzia vilima unakotoka hadi ziwani unakoingia, na walioalikwa kuuandika ni watu ambao hawakuwahi kukaa kikao kimoja: wafugaji wa juu, wakulima wa bustani wa katikati, na wavuvi wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki. Karani wa kwanza alikuwa mtu wa juu, na wa mwaloni wakadai anapunguza maneno yao. Wa pili akatoka mwaloni, na daftari likapotea. Ndipo ikasemwa atafutwe mtu asiye na upande, na Mhaya asiyejua hata salamu ya Kisukuma akaonekana hana upande wowote. Sikuajiriwa kwa cheti wala kwa mwandiko. Niliajiriwa kwa sababu sikuwa wa mtu, na ningeelewa hilo mapema ningejiokolea mengi.

Nilipangishwa chumba kwa Mama Kabula, mjane mrefu mwenye bega moja lililoinama kwa kubeba ndoo. Chumba kilikuwa cha kuhifadhia vitunguu. Vilining'inizwa kwenye boriti mafungu kwa mafungu, na nguo zangu zilinuka kitunguu mwaka mzima, hata Jumapili kanisani watu walijua karani ameingia kabla hawajageuka. Dirisha lilitazama bustani, na bustani iliteremka moja kwa moja hadi ukingoni mwa mto: vitunguu juu, nyanya katikati, mchicha na sukuma wiki chini kabisa ambako ardhi haikukauka hata Septemba. Asubuhi alinipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, mchana ugali na dagaa, na siku ambayo watu wa juu wamepita, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. "Mhaya, kula bwana," alikuwa akinitania. "Mbona unamega tonge kama unasaini barua?" Kabula alikuwa bweni, kidato cha tatu, na ada yake yote ilitoka katika yale matuta niliyoyaona dirishani. Ikapita miezi miwili, Mama Kabula akaacha kuniita Mhaya mbele za watu, akaanza kuniita mwanangu. Mimi nilipokea bila kufikiri, kama nilivyopokea michembe.

Vikao tulifanyia katika ghala la pamba la chama cha msingi cha ushirika, kubwa na la giza, lenye harufu ya mbegu, dawa na mavi ya popo. Nimekaa vikao vingi tangu wakati ule, vingine katika hoteli zenye viyoyozi, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba sijaona kikao kilichofanya kazi kama vile vya ghalani. Injinia wa ofisi ya serikali ya maji ya bonde, kijana mpole aliyevaa buti hata siku za kiangazi, alileta ramani ya karatasi. Wazee waliitazama kwa adabu, wakaikunja kwa adabu, wakamrudishia. Kisha wakaanza kuchora mto wao sakafuni kwa majivu. Mashamba yakawa punje za mahindi, mifugo ikawa mbegu za pamba, mwalo ukawa konzi ya dagaa. Kazi ilichukua asubuhi nzima, na ilikuwa nzuri kuitazama. Tukatoka kwenda kula, mlango ukabaki wazi, na tuliporudi kuku walikuwa wameshamaliza bustani zote za katikati na wameanza mwalo. "Hata kuku wanajua nani ana chakula," akasema Shija, jirani yake Mama Kabula, mkulima wa nyanya mwenye domo. Magesa, mvuvi, akajibu, "Na wanajua nani ataliwa mwisho." Ghala zima likacheka, hata Injinia, na nadhani tangu kicheko kile ndipo watu walipoanza kukaa mchanganyiko, wa juu na wa mwaloni benchi moja.

Wakati wa chakula ndipo niliposikia maneno ya kweli. Karani akila husahaulika. Wafugaji walisema kwa sauti ya chini kwamba maji kwao hupita tu, hayakai, sasa wanalaumiwa nini? Wakulima walisema ng'ombe wakishuka kunywa huvunja ukingo, na ukingo ukivunjika bustani huondoka na masika. Wavuvi walisema samaki aina ya ningu walikuwa wakipanda mto kila mvua, wamejaa mayai, watoto wakiwaokota kwa mikono, na sasa hawapandi, maana mdomo wa mto umekuwa tope tupu. Wa juu wakanong'ona kwamba hawapandi kwa sababu makokoro ya wavuvi yamewafungia mlango. Kila mmoja alikuwa na haki, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Mwenyekiti wetu, Mzee Bundala, mwenye ng'ombe wengi kule juu na maneno machache, hakuwahi kufika mdomoni mwa mto maishani mwake, ingawa alizaliwa mwendo wa siku moja kutoka pale. Siku tuliyompeleka mwaloni alishuka kwenye mtumbwi wa Magesa akiwa ameshika kingo zote mbili, akachota konzi ya tope, akafungua vidole. Lilikuwa jekundu. "Huyu ni udongo wa kwangu," akasema. Magesa alimkaangia sato, wakala pamoja kwenye sinia moja, na wiki iliyofuata Magesa akapanda vilimani kuangalia tope linakotoka.

Sheria ilikuwepo tayari, nayo ilisema mita sitini kutoka ukingoni zisilimwe. Mwaka mmoja kabla yangu ofisi ilikuwa imepigilia vigingi, na vyote vilikuwa vimeng'olewa vikawa kuni za ugali. Ni Mzee Bundala aliyetoa njia. Wasukuma wana ngitiri, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, na mifugo hairuhusiwi kuingia mpaka kiangazi kikali. Ngitiri ina mwenyewe. Hata mwenye njaa hapitishi ng'ombe katika ngitiri ya mwenzake. "Tuifanye kingo yote ngitiri," akasema mzee, kwa Kiswahili chake. "Aliyekuwa na bustani asinyang'anywe. Abaki mwenyewe, ila mazao yake sasa ni nyasi. Ng'ombe wangu wanywe maji pale tutakapopanga, mahali pamoja. Kalani, andika." Niliandika. Wakajadili na adhabu: atakayelima ndani ya kamba ya mita sitini, au kuingiza mifugo, atatozwa na dagashida, ule mkutano wa kimila wa wanakijiji wote. Na atakayekataa kutozwa, hatapewa moto jikoni, hatachotewa maji, na siku ya msiba wake watu watakuwa na shughuli nyingine. Hayo yote niliyafupisha katika daftari kwa maneno mawili, "adhabu ya kijamii," nikageuza ukurasa. Leo nikikumbuka wepesi wa ile kalamu naona aibu.

Upimaji tuliufanya mwishoni mwa kiangazi. Kamba ilikuwa ya katani, imesukwa na watu wa pande zote tatu, na kanuni ilikuwa moja: kuanzia ukingo wa masika, pale maji yanapofika mto ukijaa, si pale yalipo leo. Mimi nilishika mwanzo wa kamba kwa kuwa sikuwa na upande. Mzee Bundala alisimama nami kama shahidi. Shija na Magesa walikwenda na mwisho wa kamba na vigingi, na mara nyingi matete yaliwaficha kabisa, tukawa tunaitana kwa sauti. Kwa Shija niliweka kamba ukingoni, ikameza nusu ya nyanya zake. Alisonya, akapigilia kigingi. Kisha tukafika kwa Mama Kabula. Pale mto unakunja kona, na kiangazi kile maji yalikuwa mstari mwembamba ng'ambo ya mchanga mpana. Nilitazama juu nikaona vile vitunguu. Nikamwona kwa mawazo Kabula amerudishwa nyumbani na begi lake. Nikateremka kwenye mchanga, hatua baada ya hatua, nikaweka kamba majini. Mzee Bundala aliniangalia miguu. Hakusema neno. "Tayari!" nikapaza sauti, na upande wa pili nyundo ikagonga. Kigingi kiliingia kwenye mchicha wa chini kabisa. Bustani yote iliyobaki ikawa salama. Nilijiona nimetenda wema, na nilikula vizuri jioni ile.

Mama Kabula hakuwepo siku hiyo, alikuwa amekwenda Kisesa sokoni. Aliporudi akakitazama kigingi, akasema Mungu ni mwema, kumbe kona ya mto imemwokoa. Wiki ya kwanza alikuwa akiimba. Wiki ya pili mke wa Shija, aliyezoea kuja kila asubuhi kuomba kaa la moto, hakuja. Kisimani mazungumzo yalikatika alipofika. Mwenzake wa kwaya alimwambia tu mwangaluka, salamu ya asubuhi, akapita bila kuweka ndoo chini. Mama Kabula alirudi akiwa ameduwaa, akaniuliza kama kuna jambo amekosea. Nikamwambia watu wana wivu. Hilo ndilo neno linaloniuma hadi leo kuliko hata kamba, maana kamba niliiweka kwa kumpenda, lakini lile neno nililisema kwa kujiokoa mwenyewe.

Asubuhi moja niliingia jikoni nikamkuta amekaa kwenye kigoda, sufuria imechemka na unga haujatiwa. Miguu yake ilikuwa na umande na mchanga.

"Koku," akasema, "nimehesabu hatua."

Nikachuchumaa kando ya moto.

"Kwa Shija, kutoka ukingoni hadi kigingi, nimepata hatua zile walizopata wenzake wote. Kwangu hazifiki hata kumi na tano. Ulianzia wapi?"

"Kwenye maji, mama."

"Na kwa Shija?"

"Ukingoni."

Alitia unga kidogo kidogo, akakoroga. "Nilikuomba?"

"Hapana, mama."

"Basi umeniibia."

Nilishtuka, nikaanza kujitetea kama mwanasheria. Nimekuibia nini, nikasema, mimi nimekuachia bustani yote, nimefikiria ada ya Kabula, nimefikiria wewe. Aliniacha nimalize. Alikuwa na tabia hiyo, ya kumwacha mtu amalize mpaka aishiwe.

"Umeniibia watu," akasema. "Bustani nilianza na matuta mawili, naweza kuanza tena. Mume wangu alipokufa, ni Shija aliyechimba kaburi. Mkewe alilala hapa sakafuni siku saba. Sasa anaona mimi nimekula njama na karani ninayemlisha. Nikiugua nitamwita nani? Nitakuita wewe, na daftari lako?" Kisha akapakua ugali, sahani yangu na yake, kama kawaida, na nadhani ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angeninyima.

Nilimwuliza nifanye nini. Akasema hilo nisimwulize yeye.

Kikao cha kupitisha mpango kilikuwa siku tatu baadaye. Ghala lilijaa, watu wakasimama hadi nje. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, nikaisahau yote. Nilisimama na daftari mikononi nikasema mstari wa kona si wa kweli, kwamba pale niliweka kamba majini nikijua, kwamba Mama Kabula hakuniomba wala hakujua. Kelele zilizozuka sikuzielewa zote, maana nyingi zilikuwa za Kisukuma, lakini Shija alizungumza Kiswahili makusudi ili nisikose. "Kikulacho ki nguoni mwako! Nyanya zangu zimekwenda, nikasema sawa, ni mpango wa wote. Kumbe wa wote ni mimi peke yangu!" Mvuvi mmoja akasema mpango mzima uchanwe. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiweka rehani. Miezi yote ile, tope la mwaloni mkononi mwa mzee, sinia moja la samaki, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye ncha ya kamba niliyoishika mimi, na mimi nilikuwa nimeilegeza. Niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Mzee Bundala akanyanyua fimbo yake, watu wakatulia. "Mimi nilikuwa pale," akasema. "Niliona. Nilinyamaza." Akaegemea fimbo yake. "Nilinyamaza kwa sababu kesho yake kamba ilikuwa inakuja kwangu. Nikasema moyoni, kalani huyu sasa ananidai mimi kunyamaza, na mimi nitamdai kulegeza." Akakaa. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akafuata mwingine, na kicheko kile hakikuwa cha kumsamehe lakini kilipunguza joto. Injinia, uso umemwiva, akasimama akasema jambo hili ni la kiofisi, kwamba karani atarudishwa mjini na barua, na yeye mwenyewe atamfikisha stendi ya Nyegezi apande basi la kwao.

Mama Kabula akanyoosha mkono. Wanawake wa pale hawakuwa wakisimama sana katika vikao vile, lakini yeye alisimama na kujinyoosha hadi lile bega lililoinama likakaribia kuwa sawa na lenzake.

"Injinia, wabeja, asante," akasema. "Lakini mgeni ndiye anayesindikizwa stendi. Huyu analala kwangu, anakula kwangu, ameharibu mambo kwangu. Yeye na mwenyekiti watozwe hapa hapa, kama anavyotozwa mtu wa hapa. Na kamba irudi kona. Kesho, watu wote wakiwepo."

Mabishano yalikuwa marefu, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu ya ukubwa wa adhabu, si juu ya kama nitatozwa. Mzee Bundala alitozwa dume la ng'ombe. Mimi nilitozwa mbuzi. Sitasahau jinsi nilivyokaa pale kwenye gunia tupu la pamba, nikiwa na furaha ambayo sikuistahili. Nimepewa vyeti vingi tangu siku ile, na vingine viko ukutani kwangu kwenye fremu. Hakuna kilichonipa kifua mbele kama kutozwa mbuzi na Wasukuma.

Watu huniuliza, hasa vijana wa miradi wanaokuja na kompyuta zao, ni nini kilichofanya mpango ule udumu wakati mingine mingi ilifia kwenye makabati. Wanataka niwaambie habari za mafunzo na miche ya miti. Miche ilikuwepo, na mingi ilikufa. Mvua ya kwanza baada ya kikao, mto ule ulipanda ukafunika kona yote, ukalala juu ya lile tuta la mchicha nilikokuwa nimeweka uongo wangu, na nyasi za ngitiri hazikuwa zimeota vya kutosha kushika chochote. Ilichukua miaka. Lakini vigingi havikung'olewa tena, maana kila mtu alijua kigingi kimojawapo kilikuwa cha nani na alikipigilia vipi. Mama Kabula hakuwahi kupata tena vitunguu kama vile. Alihamia nyuma ya nyumba, kwenye ardhi ya mawe, akamwagilia kwa ndoo, na Shija na mkewe wakambebea zamu zao. Kabula alikosa muhula mmoja wa shule, akarudi, akamaliza. Hayo siyapambi.

Kesho yake baada ya kikao kile walikuja watu wengi kuliko waliokuwa ghalani, wengine wamebeba watoto. Nilisimama ukingoni, mahali ambapo mizizi inaning'inia na alama ya maji ya masika iko wazi kwa kila mwenye macho, nikashika mwanzo wa kamba. Mama Kabula alimkatalia Shija kwenda na mwisho wake. Aliubeba mwenyewe, na kigingi, na nyundo. Akapita katikati ya mchicha, akapita nyanya zilizokuwa zimeanza kuiva, akapita vitunguu, tuta moja, tuta la pili, hajatazama chini, na kamba ikazidi kunitoka mikononi. Ilipokwisha alikuwa karibu na ukuta wa jiko. Akapiga magoti, akaweka kigingi, akainua nyundo. Kisha akaishusha bila kugonga, akageuka akanitazama kutoka kule juu, na watu wote wakageuka.

"Vuta, mwanangu," akasema. "Hapo umelegeza."

Nikavuta.